Supanova za Haraka na Gesi Iliyozitangulia

Mwaka 2015 darubini ya angani ya Kepler ilirekodi mlipuko katika galaksi iliyo zaidi ya miaka bilioni moja ya nuru kutoka kwetu, na mlipuko huo, uliopewa jina la KSN 2015K, ulipanda kutoka kutoonekana kabisa hadi kilele cha mng'ao wake kwa siku 2.2 tu. Baada ya hapo ulianza kufifia upesi, hata muda wote ambao mwanga wake ulikaa juu ya nusu ya kilele haukufika siku saba. Supanova ya kawaida, yaani mlipuko wa nyota mwishoni mwa maisha yake, huhitaji wiki mbili au tatu kupanda, kisha huchukua wiki nyingi, na mara nyingine miezi, kushuka. Kepler haikutengenezwa kwa ajili ya supanova. Ilirushwa mwaka 2009 kutafuta sayari za nyota nyingine, kazi iliyoidai ikazie macho eneo moja la anga na kulipima kila baada ya dakika 30. Uangalizi huo usiokatika ndio uliotupa mwenendo wa mwanga wa mlipuko wa namna hii tangu unapoanza kuchomoza, jambo ambalo darubini za ardhini, zinazokatizwa na mchana na mawingu, hazikuwa zimelipata kwa ukamilifu huo. Timu iliyoongozwa na Armin Rest ilichapisha matokeo hayo mwaka 2018, mwaka ule ule Kepler ilipoishiwa mafuta na kustaafishwa.

Nimekuwa nikifuatilia milipuko hii kwa muda mrefu, na ninaiandikia kwa sababu habari za supanova zinazotufikia kwa Kiswahili huishia kwenye ukubwa: mwanga wa mabilioni ya majua, nishati isiyoelezeka. Ukubwa huo ni wa kweli, lakini kwa maoni yangu jambo lenye uzito zaidi katika kundi hili la supanova ni kasi yake. Kasi hiyo inatueleza nyota ilikuwa ikifanya nini katika miaka yake ya mwisho, miaka ambayo kwa kawaida hakuna aliyekuwa akiitazama.

Inafaa tuanze na chanzo cha mwanga. Wengi hudhani kwamba supanova hung'aa kwa sababu mlipuko wenyewe ni moto, na moto huo kweli upo, ila gesi inayotanuka kwa kasi hupoa upesi mno kuweza kueleza mwanga unaodumu kwa miezi. Kinachoziwezesha supanova nyingi kuendelea kuonekana ni mionzi ya nikeli-56, aina ya nikeli isiyo imara inayoundwa ndani ya mlipuko. Nusu ya nikeli hiyo hugeuka kobalti kila siku sita, na kobalti nayo hugeuka chuma, nusu yake kila baada ya siku 77 hivi, na katika kila hatua hutolewa nishati inayoipasha gesi joto. Supanova ya mwaka 1987, SN 1987A, iliyoonekana kwa macho matupu kutoka nusu ya kusini ya dunia, nchi zetu zikiwamo, ilitengeneza nikeli yenye uzito wa takribani asilimia 7 ya uzito wa Jua, na ilipofika wakati wa kufifia ilifuata mwendo wa kobalti kwa uaminifu kiasi kwamba wanafizikia waliweza kuisoma kobalti hiyo kwenye grafu ya mwanga.

Sasa tujaribu kuitumia hesabu hiyo kwa supanova ya haraka. Ili mwanga upande kwa siku mbili tatu, gesi inayoufunika lazima iwe chache, kwa maana mwanga unaopenya gesi nyingi huchelewa kutoka. Wakati huo huo, ili mng'ao ufike kileleni kwa ukali ule unaopimwa, panahitajika nikeli nyingi. Katika milipuko kadhaa ya kundi hili, ukipiga hesabu unakuta nikeli inayotakiwa ni nzito kuliko gesi yote iliyorushwa, na hilo haliwezekani. Mwanga huu, basi, hauwezi kuwa umetoka kwenye nikeli, au angalau si sehemu yake kubwa.

Nyota kubwa inapolipuka, gesi yake hurushwa ikiwa na nishati ya mwendo inayokaribia nishati yote ambayo Jua litakuwa limeitoa katika umri wake wa miaka bilioni 10. Katika supanova ya kawaida, mwanga wote tunaouona kwa miezi ni kama asilimia moja tu ya nishati hiyo. Iliyobaki husafiri na gesi na kupotelea gizani. Lakini kukiwa na kitu cha kuizuia gesi hiyo njiani, mwendo hugeuka joto, na joto hugeuka mwanga. Kizuizi hicho hakihitaji kuwa kikubwa. Gesi yenye uzito wa sehemu ndogo tu ya uzito wa Jua, ikiwa imekaa karibu na nyota na imesongamana vya kutosha, inaweza kutoa mng'ao mkali unaokwisha ndani ya siku chache. Hivyo ndivyo Rest na wenzake walivyoieleza KSN 2015K: nyota ilikuwa imejivua ganda la gesi kabla ya kulipuka, kisha mlipuko ukalivaa ganda hilo.

Ndani ya maelezo hayo kuna jambo moja la kifizikia ambalo napenda kulitazama kwa karibu. Wimbi la mshtuko linalosafiri kwa kilomita 10,000 kwa sekunde ni pole mara 30 kuliko nuru, ambayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtu angetegemea nuru ilitangulie wimbi hilo bila shida. Haiwi hivyo, kwa sababu fotoni, yaani chembe ya nuru, iliyo ndani ya gesi nzito haiendi moja kwa moja: inagonga elektroni, inageuzwa njia, inagonga nyingine, inarudishwa nyuma, na mwendo wake halisi kuelekea nje unakuwa mdogo sana. Maadamu gesi iliyo mbele ya wimbi ni nene kiasi cha kuigongesha fotoni zaidi ya mara 30 hata kama ingejaribu kupita moja kwa moja, wimbi huendelea kuikamata nuru yake lenyewe. Unene ukishuka chini ya hapo, nuru inachomoka. Nyota isiyo na gesi jirani huiachia nuru hiyo kwenye uso wake, na tukio zima hupita kwa saa chache tu. Nyota iliyozungukwa na gesi nzito huiachia mbali sana nje ya uso wake, mahali ambapo eneo linalong'aa limekwisha kuwa kubwa mno, na badala ya mmweko wa muda mfupi tunapata siku kadhaa za mwanga mkali wenye rangi ya buluu.

Hesabu inayofuata ndiyo iliyonifanya niipende mada hii. Upepo wa nyota kubwa nyekundu iliyovimba hutoka taratibu, kama kilomita 10 kwa sekunde, ilhali mabaki ya mlipuko hukimbia kwa kilomita 10,000 kwa sekunde, yaani mara 1000 zaidi. Kwa hiyo umbali ambao gesi ya upepo iliusafiri kwa siku 1000, mabaki ya mlipuko huumaliza kwa siku moja. Siku ya kwanza baada ya mlipuko mabaki yanapita kwenye gesi iliyotolewa katika muda wa karibu miaka mitatu kabla ya mwisho. Siku ya kumi yanaifikia gesi iliyotoka miaka 27 iliyopita. Historia ya nyota inasomwa kinyumenyume, kuanzia tukio la mwisho kurudi nyuma, na inasomwa mara moja tu, kwa kuwa kila ukurasa unaopitiwa na wimbi la mshtuko unateketea. Anayechelewa siku mbili kuelekeza darubini yake amezikosa habari za miaka mitano ambazo hakuna mahali pengine zilipoandikwa.

SN 2013fs ilionyesha thamani ya kuwahi. Mradi wa utafutaji ulioendeshwa kutoka kituo cha Palomar, California, uliinasa tarehe 6 Oktoba 2013 katika galaksi ya NGC 7610, na darubini ya Keck huko Hawaii ikaipima spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi ambamo kila elementi huonekana kwa mistari yake, ikiwa imepita kama saa sita tu tangu mlipuko. Spektra hiyo ilikuwa na mistari ya oksijeni iliyopokonywa elektroni tano, ishara kwamba gesi tulivu iliyoizunguka nyota ilikuwa imemulikwa ghafla na mionzi mikali kutoka kwenye mlipuko. Saa chache baadaye mistari hiyo ilikuwa imetoweka. Kutokana na mfuatano huo, Ofer Yaron na wenzake walihitimisha kwamba gesi nzito haikuenea zaidi ya takribani kilomita bilioni 10 kutoka kwenye nyota, umbali unaozidi kidogo mara mbili ya ule uliopo kati ya Jua na Neptuni, na kwamba ilitolewa katika muda mfupi sana kabla ya mwisho, pengine mwaka mmoja. Supanova yenyewe, ukiiondolea saa hizo za kwanza, ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloipa uzito: kama spektra ya kwanza ingepigwa wiki moja baadaye, mtafiti angeandika kwamba nyota hii haikuwa na lolote la ajabu.

Miaka kumi baadaye jambo hilo lilijirudia karibu zaidi na nyumbani. Tarehe 19 Mei 2023, Koichi Itagaki, mtazamaji wa hiari wa Yamagata nchini Japani ambaye amegundua supanova zaidi ya mia moja, aliiona SN 2023ixf katika galaksi ya M101, kiasi cha miaka milioni 21 ya nuru kutoka hapa. Spektra zilianza kupigwa siku hiyo hiyo, nazo zilionyesha mistari ya haidrojeni, heliamu, naitrojeni na kaboni zilizomulikwa kwa nguvu. Mistari hiyo ilidumu kwa takribani wiki moja badala ya saa chache, dalili kwamba gesi ilikuwa nyingi na imeenea mbali zaidi kuliko ile ya SN 2013fs.

Nilibahatika kuiona kwa macho yangu katikati ya Juni mwaka huo, nikiwa Iringa kwa rafiki mwenye darubini ya kioo cha sentimita 20. Saa tatu usiku, mwezi ukiwa haujachomoza, M101 ilikuwa upande wa kaskazini, chini kidogo ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Galaksi yenyewe ilikuwa ukungu hafifu unaoyeyuka pale unapoukazia macho, lakini kwenye ukingo wake ilikaa nukta moja imara, nyeupe, ambayo haikuwamo kwenye ramani tuliyokuwa nayo mezani. Rafiki yangu aliisogeza darubini kidogo kulia na kushoto ili tuhakikishe kwamba nukta hiyo inakwenda pamoja na nyota nyingine na si kasoro ya lenzi. Nilifahamu kwamba mwanga tuliokuwa tukiutazama haukuwa tena ule wa siku za mwanzo. Mgongano na gesi nzito ya karibu ulikwisha kupita, na tulichokiona ni gesi ya nyota yenyewe ikitanuka na kupoa. Hata hivyo, nilitazama kwa zamu na mwenyeji wangu mpaka galaksi iliposhuka kwenye miti.

Kilichowashangaza watafiti wa SN 2023ixf ni kilichokosekana kabla yake. M101 ni galaksi iliyopigwa picha mara nyingi mno, na nyota iliyolipuka ilitambuliwa kwenye picha za zamani: nyota kubwa nyekundu, imefunikwa na vumbi, ikiongezeka na kupungua mng'ao kwa mzunguko wa takribani siku 1000. Watafiti walipopekua kumbukumbu za miaka ya nyuma hawakukuta mripuko mkubwa wa mwanga ambao ungeeleza gesi ile nzito ilitokaje. Ama nyota iliitoa polepole kwa miaka mingi, ama iliitoa kwa njia isiyotoa mwanga mwingi, na mabishano hayo bado yanaendelea.

Kwa SN 2006jc mambo yalikuwa wazi zaidi. Hapo dalili ya mvua ilikuwa mawingu. Itagaki yule yule alikuwa ameona mwezi Oktoba 2004 nukta ya mwanga katika galaksi ya UGC 4904, nukta iliyofifia baada ya siku chache na ambayo haikuwa na nguvu za kuitwa supanova. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2006, mahali pale pale pakalipuka supanova kamili, naye ndiye aliyeiona tena. Andrea Pastorello na wenzake walipoyaunganisha matukio hayo mawili, picha ikawa hii: nyota iliyokwisha kupoteza haidrojeni yake ilijipasua kwa nje mwaka 2004, ikatupa heliamu, kisha mwaka 2006 ikalipuka ndani ya heliamu hiyo. Spektra yake ilikuwa na mistari myembamba ya heliamu, ishara ya gesi inayokwenda taratibu ikilinganishwa na mabaki ya mlipuko, na kundi zima la supanova za namna hiyo likapewa jina la Ibn. Supanova za Ibn hupanda na kushuka upesi, na kadiri orodha ya milipuko ya haraka inavyorefuka ndivyo nyingi zake zinavyoonekana kuwa za kundi hilo au za jamaa zake.

Kwa nini nyota ijivue nguo zake muda mfupi tu kabla ya kufa? Inajulikana kwamba kiini cha nyota kubwa huishi kwa haraka mwishoni: huunguza kaboni kwa mamia ya miaka, neoni kwa muda unaokaribia mwaka, oksijeni kwa miezi, na silikoni kwa siku chache tu. Joto linalozalishwa katika hatua hizo za mwisho ni kubwa mno, na mwaka 2012 Eliot Quataert na Joshua Shiode walipendekeza kwamba msukosuko wa kiini huzaa mawimbi yanayosafirisha sehemu ya nishati hiyo hadi tabaka za nje, ambazo zimeshikiliwa kwa udhaifu na zinaweza kutupwa. Wengine wanaelekeza kidole kwa nyota jirani, kwani nyota kubwa nyingi huishi mbili mbili na moja yaweza kuinyang'anya nyingine ganda lake. Picha za darubini ya angani ya Hubble zilizopigwa miaka mingi baada ya SN 2006jc zilionyesha nyota mahali hapo inayodhaniwa kuwa ndiyo mwenzake. Mimi naona sababu hizi mbili hazipingani. Nyota jirani inaweza kueleza kwa nini haidrojeni haipo, na msukosuko wa kiini ukaeleza kwa nini heliamu ilitupwa katika miaka miwili ya mwisho na si miaka elfu kumi kabla.

Kuna zilizokwenda mbali zaidi ya hapo. SN 2019hgp, iliyochunguzwa na Avishay Gal-Yam na wenzake, ilizungukwa na kaboni, oksijeni na neoni zinazotoka kwa zaidi ya kilomita 1500 kwa sekunde, kasi ya upepo wa nyota zilizokwisha kupoteza haidrojeni na hata heliamu yake. Kisha ikaja SN 2021yfj, iliyogunduliwa mwaka 2021 na kuelezwa kwa kina mwaka 2025, ambayo gesi yake ilikuwa na silikoni, salfa na argoni. Elementi hizo hukaa ndani kabisa, jirani na chuma cha kiini, kwa hiyo nyota hiyo lazima iwe ilichunwa hadi mfupani kabla ya kulipuka. Kwa wanafunzi wa fizikia ya nyota hili ni tukio kubwa: mpangilio wa tabaka za ndani, ambao kwa miongo mingi ulikuwa mchoro wa vitabuni unaotokana na hesabu, sasa unaonekana tabaka kwa tabaka kwenye spektra.

Si kila mlipuko wa haraka unaoelezeka kwa mgongano, na tahadhari hiyo ni ya lazima. AT2018cow, iliyonaswa tarehe 16 Juni 2018 na darubini za ATLAS zilizoko Hawaii, kiasi cha miaka milioni 200 ya nuru kutoka kwetu, ilifika kileleni kwa siku chache na kuzidi supanova za kawaida mara kumi au zaidi. Ilikuwa na gesi nzito kuizunguka, kwani mawimbi ya redio yalithibitisha hivyo, lakini mionzi yake ya eksirei ilipanda na kushuka kwa namna ambayo ganda la gesi peke yake haliwezi kuieleza, na baadaye kifaa cha NICER kilicho kwenye kituo cha anga cha kimataifa kilikutwa kimepima mapigo yanayojirudia mara 224 kwa sekunde. Mapigo ya haraka hivyo yanahitaji kitu kidogo na kizito katikati, nyota ya nyutroni au shimo jeusi. Wanaotaka kueleza milipuko yote ya haraka kwa sababu moja wanapaswa kwanza kupita kwenye mlipuko huu.

Darubini ya Vera Rubin iliyoko Cerro Pachón, Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, itakusanya supanova kwa wingi usiowahi kuonekana, lakini inarudi eneo lile lile kila baada ya siku chache, na mlipuko unaopanda kwa siku mbili unaweza kupita kati ya ziara mbili. Hata unaponaswa, lazima darubini nyingine ipige spektra upesi. Kunapopambazuka Chile zimebaki kama saa sita au saba kabla ya jua kuchwa Sutherland, Afrika Kusini, ambako ATLAS ina darubini tangu 2022 na ambako darubini kubwa ya SALT hupima spektra. Lakini Sutherland iko kusini mno: M101 kule huinuka chini ya nyuzi 4 tu juu ya upeo, na kwa hiyo SN 2023ixf haikuwa yao. Nyanda za juu za Tanzania na Kenya huona anga la kaskazini na la kusini pia, na usiku huzifikia mapema kuliko Sutherland. Darubini ya mita moja yenye spektrografu, ikiwekwa Iringa au Mbeya na kukabidhiwa idara ya fizikia ya chuo kikuu kimojawapo, ingeweza kupata spektra ya supanova kama ile usiku ule ule tangazo lilipotoka Japani, wakati mistari ya kaboni na naitrojeni ilikuwa bado inaonekana.